Mudiri wa Baridi

Jumanne, 5 Agosti

Siku mbaya. Bi Khairiya kapiga simu saa mbili asubuhi, chai yangu hata haijapoa. Mwenye jengo hapigi simu saa mbili kukutakia heri. Bili ya umeme ya Julai imemfikia. Kanisomea tarakimu moja moja, polepole, kama anasoma majina ya marehemu. Kisha kimya. Nikadhani simu imekatika, nikasema haloo, haloo. Kumbe alikuwa anavuta pumzi.

Tatizo lenyewe ni la kurithi. Jengo letu hapa Al Muraqqabat, Dubai, lina ghorofa tatu na fleti tisa. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, aliwaahidi wapangaji kwamba AC imo ndani ya kodi. Juu ya paa kuna mashine tatu, moja kwa kila ghorofa. Kwenye kila korido kuna kidude kimoja ukutani, kinapima joto na kuiamuru mashine iwake au ipumzike. Wapangaji wanakiweka nyuzi kumi na sita. Kumi na sita! Hata nyama ya buchani haiombi baridi hiyo. Na anayelipa ni Bi Khairiya peke yake.

Kaniambia wazi. Bili ya Agosti isiposhuka kwa robo, jengo analikabidhi kwa Raed, mtoto wa kaka yake, mwenye kampuni ya kusimamia majumba. Raed ana watu wake. Mimi nitakuwa sina kazi, sina chumba, na sina viza, maana kafili wangu, aliyenidhamini, ni Bi Khairiya. Miaka kumi na moja! Na kule Unguja mke wangu Hilwa ameshawaambia mtaa mzima kwamba mimi ni mudiri, nina ofisi na watu chini yangu. (Watu chini yangu ni kweli kabisa ninapokuwa juu ya paa.) Siwezi kurudi na begi moja. Mama mkwe ananingoja nianguke tangu siku ya harusi.

Lakini sina wasiwasi. Akili ni nywele, na mimi sijaota kipara.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kumchunguza Bassam. Bassam ni Mmombasa, bawabu wa jengo la jirani. Mimi ni mudiri, yeye ni bawabu. Tunafanya kazi ile ile, ila mimi naifanya kwa fikra.

Bili yao imeshuka kwa theluthi. Tajiri wake kampa simu mpya. Kanionyesha hiyo simu mara nne kabla chai haijafika, mara ya tano akajifanya anaangalia saa. Nikamuuliza siri yake, kwa mbali, kama mtu asiyejali. Akasema eti hana siri: "Nasafisha machujio kila mwezi, ndugu yangu. Yakijaa vumbi mashine yachoka bure."

Machujio! Anadhani mimi mtoto wa chuoni. Machujio yetu hayajaguswa tangu nifike hapa na mashine zinafanya kazi vizuri tu, tena kwa kelele. Kitu kikiwa kichafu miaka kumi na moja kimeshazoea. Kanipa na namba ya fundi wake, Elias, Mganda mwenye karakana Ras Al Khor. Nimekipokea kikaratasi kwa shukrani, nikaja nacho, nikakikunja nikakiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Meza sasa imetulia. Bassam amefaa kwa kitu.

Jioni nimepita korido zote tatu na kuviweka vidude kwenye nyuzi ishirini na saba. Nimebandika tangazo: "Madaktari wanashauri nyuzi ishirini na saba kwa afya ya mifupa. Kwa amri ya Mudiri." Madaktari gani? Duniani kuna madaktari wengi, mmoja wao lazima ameshalisema.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi: ghorofa ya kwanza kumi na sita. Ya pili kumi na saba. Ya tatu kumi na sita. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, hakuna aliyegusa. Jengo la malaika.

Chini ya tangazo langu mtu kaandika kwa kalamu ya wino: "Na chumbani kwa Mudiri mifupa inashauriwa ngapi?"

Mwandiko naujua. Ni wa Bi Masuda, fleti namba nne, mjane wa Kiunguja, miaka ishirini katika jengo hili. Anapika sambusa na udi wa kuuza. Ana maneno machache na macho mengi. Nilimkabili. Akasema yeye hajui kuandika. Wiki iliyopita tu aliniandikia barua ya kurasa mbili kuhusu bomba la jikoni!

Na swali lenyewe ni la kifedhuli. AC ya chumba changu ni ya dirishani, ni kitu mbali kabisa, ingawa inakula umeme ule ule. Naiweka kumi na nane kwa sababu za kazi. Mtu anayefikiri kwa niaba ya fleti tisa hawezi kufikiri huku anatoka jasho.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda soko la Al Ras kwa miguu, kubana matumizi. Joto arobaini na nne. Wapagazi wenyewe wamekaa kivulini wananitazama. Nimerudi na visanduku vitatu vya bati vya kutilia barua, makufuli matatu, na kichwa kinachogonga. Nimelala mpaka Alasiri na kitambaa cha maji usoni.

Kisha kazi! Nimevitoboa visanduku matundu kwa msumari ili hewa ipite, nikavipigilia ukutani juu ya vidude, nikafunga. Ndani: ishirini na sita. Funguo zote nimezitia uzi, zipo shingoni. Nimezunguka korido zote nikizichezesha makusudi zilie. Bi Masuda kafungua mlango, kazitazama, kafunga mlango.

Ushindi.

Jumatatu, 11 Agosti

Ishirini na sita peke yake haitoshi kufika robo. Nimekaa na kalamu nikagundua jambo la ajabu ambalo hakuna aliyeliwaza kabla yangu. Mchana watu wako kazini! Tunampoza nani? Makabati? Kabati halitoki jasho.

Amri mpya: mashine zote zinazimwa saa nne asubuhi, zinawashwa saa kumi jioni. Nimezizima mwenyewe. Paa lilikuwa kimya, raha tupu. Nilisimama pale nikahisi naokoa dirhamu kwa kila pumzi. Kisha viatu vikaanza kushika kwenye lami, nikateremka.

Jumanne, 12 Agosti

Nilimsahau Sumeiya.

Sumeiya ni nesi, msichana wa Kilifi, fleti namba saba. Anakesha hospitali, analala mchana. Leo saa sita kaja mlangoni kwangu na sare yake na mto mkononi. Macho mekundu. "Mzee," kasema (mzee! mimi nina arobaini na saba!), "nimetoka shifti saa moja. Nilale wapi sasa, ndani ya friji?" Nikamweleza kwa upole kuhusu bili na maslahi ya wote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipita, akapanda kitandani kwangu, akalala na viatu.

Dakika tano baadaye Bi Masuda na sinia la unga. Chumbani kwake, anasema, unga unaumuka kabla haujakandwa. Akaketi kwenye meza yangu. Kisha mzee Talal wa fleti namba mbili, mstaafu, na dhumna zake, na wenzake watatu wa kucheza nao. Kisha mama wa fleti namba nane na mapacha. Wote wanasema wameitikia mwaliko. Mwaliko gani? Wanasema mlango ulikuwa unavuja baridi.

Saa nane mchana nimehesabu watu tisa ndani ya chumba changu, chenye nyuzi kumi na nane, na mimi nimekaa nje kwenye ngazi. Niliomba nafasi. Talal kasema nafasi ipo, ila nisimame.

Jumamosi, 16 Agosti

Jengo linanuka.

Kumbe mashine ikizimwa mchana unyevu wa nje unaingia na hautoki. Mazulia ya korido yamelowa. Ukutani yameota madoadoa meusi. Harufu ni ya nguo mbichi iliyosahaulika ndani ya ndoo tangu Idi. Na tarehe thelathini Bi Khairiya anakuja! Kila Mfungo Sita yeye husomesha maulidi katika korido ya ghorofa ya kwanza, kwa roho ya marehemu. Watakuja jamaa, watakuja wageni, atakuja Raed na pua yake ndefu.

Nimefuta amri ya kuzima mchana, kwa huruma zangu. Namba inabaki ishirini na sita, kufuli juu yake.

Na leo maajabu: Bi Masuda kaja kwangu kwa heri. Kasema harufu hii ni aibu ya jengo zima, si yangu peke yangu, na yeye ni mtu wa Unguja kama mimi, hawezi kuona mwenzake anaaibika mbele ya wageni. Anao udi aliopika mwenyewe kwa sukari na miski. Ataniuzia kwa bei ya ndugu. Na vyetezo vitatu vya kufukizia ananiazima bure! Tukavipanga pamoja, kimoja kila korido, juu ya kistuli. Mimi nilitaka karibu na ngazi. Yeye akasema hapana: "Hapa, mwanangu Thuwein. Hapa chini ya kisanduku. Moshi upande na ukuta, usambae korido nzima."

Mwanamke huyu nilimdhania vibaya. Adui akishindwa kwa haki huwa rafiki mkubwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Muujiza!

Harufu mbaya imekwisha, hilo nililitarajia. Lakini korido zina BARIDI. Baridi safi, ya kupandisha vinyweleo. Wapangaji wananisalimia kwa jina. Sumeiya amelala mchana kutwa, katoka ametabasamu. Nikafungua visanduku nione nani kachezea. Hakuna. Ishirini na sita, ishirini na sita, ishirini na sita, vile vile nilivyoacha.

(Pembeni ya ile ishirini na sita kuna namba nyingine ndogo, inasema thelathini na nane. Sijui ya nini. Labda ni ya unyevu.)

Nimetafakari mchana wote, na jibu ni moja. Joto liko kichwani! Mtu akivuta harufu nzuri damu inatulia, na damu ikitulia mwili unapoa. Wazee wetu hawakufukiza udi kwa mapambo tu. Sasa wapangaji wanahisi baridi ya kumi na sita kwa gharama ya ishirini na sita. Nimeandika nadharia hii kwenye karatasi safi na kuweka tarehe, likija suala la nani aligundua.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeongeza makaa. Kwanza ilikuwa Alasiri tu, sasa ni asubuhi, Adhuhuri na Alasiri. Kadiri ninavyoongeza ndivyo baridi inavyozidi, jambo linalothibitisha nadharia. Bi Masuda ananiletea makaa yameshakolea kabisa, hata kupepea sipepei. Mzee Talal anacheza dhumna kavaa sweta. Mama wa fleti namba nane kawafunga mapacha mablanketi.

Bassam kapita, kasimama barabarani, katazama juu ya paa letu muda mrefu. Akaniuliza mbona mashine zetu zanguruma tangu alfajiri bila kupumzika. Nikamwambia ni afya. Akasema mashine nzima huwaka ikazima, huwaka ikazima, isiyozima yataka kuangaliwa. Nikamwambia kila jengo na mila zake.

Wivu ni ugonjwa. Nimemwombea shifaa.

Jumapili, 24 Agosti

Nimempigia Hilwa kumpa habari za ugunduzi. Kauliza swali moja tu: vipi makaa ya moto yanaweza kupoza nyumba? Nikamwambia kuna mambo ya kitaalamu ambayo hayaelezeki kwenye simu. Nikasikia mama mkwe anauliza kwa nyuma, Hilwa akamweleza, kisha kicheko. Kicheko kirefu. Nimekata simu kwa sababu ya mtandao.

Nimemwahidi pia nyongeza kuanzia Septemba. Bi Khairiya akiiona bili hawezi kuninyima.

Jumamosi, 30 Agosti

Maulidi yamesomwa. Naandika polepole maana vidole bado vimeganda.

Niliandaa korido kwa mikeka, marashi ya waridi, na kwa heshima ya siku, chetezo kilichojaa makaa mpaka ukingoni. Bi Khairiya kaja na bakora yake. Raed kaja na kishikwambi chake. Msomaji alianza vizuri, lakini ilipofika kaswida ya pili meno yakawa yanamgonga, ikawa kama kuna mtu anapiga twari ndani ya kinywa. Kina mama walikaa wamebanana mapaja kwa mapaja. Bi Khairiya katuma shali yake iletwe kutoka garini. Kisha katuma shali ya pili.

Baada ya dua kaniita. Akaniuliza mbele ya watu kama huku ndiko kupunguza matumizi nilikomwahidi. Nilikuwa tayari! Nikatoa ufunguo shingoni, nikafungua kisanduku kwa madaha, nikamwonyesha: ishirini na sita. Nikaeleza nadharia ya damu na harufu, nayo haikuchukua muda, robo saa hivi. Raed alikuwa anaandika kila neno. Nilifurahi kuona kijana anapenda elimu.

Bi Masuda alikuwa ananyunyiza marashi. Ghafla kikohozi kikamshika, kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Bi Khairiya akamtazama. Akakitazama kisanduku. Akakitazama chetezo chini yake. Akamtazama tena Bi Masuda. Kisha akasema, haya, tungoje bili.

Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeguswa moyo.

Alhamisi, 4 Septemba

Bili imekuja.

Haikushuka kwa robo. Imepanda. Imepanda karibu nusu. Raed ndiye aliyenitumia picha yake, na chini yake kaandika kwamba Jumamosi yeye na shangazi watakuja, niwe tayari na vitu vyangu.

Nilikaa chini. Kisha nikainuka, maana palikuwa na maelezo mawili tu: mita imeharibika, au Bassam ameunga waya kwetu. Mita niliipiga kofi, haikubadilika. Basi ni Bassam. Nikafuata waya wa ukutani mpaka uani kwao, nikaingia chini ya ngazi yao, na huko ndiko alikonikuta, nimelala kifudifudi, nusu ndani nusu nje. Hakukasirika. Hilo liliniuma zaidi. Kaniuliza kama nimekula. Kisha kasema yule fundi Elias yuko juu, anasafisha, amalize waje wote waangalie kwetu, bure.

Elias ni mtu mrefu, mpole. Kaomba ufunguo. Kafungua kisanduku cha ghorofa ya kwanza, kaingiza mkono, kautoa haraka. Katazama chini, kakiona chetezo. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Boss," kasema, "hii kitu inapima joto. Wewe umeiwekea sigiri! Inadhani Dubai yote inaungua, inaambia mashine piga, piga, usilale." Ile namba ndogo, kumbe, ndiyo ilikuwa joto lenyewe. Kisha akapanda paani, akashuka na chujio. Nene kama godoro. Kasema hata bila ya makaa mashine hizi zimekuwa zikipumua kwa tundu moja la pua miaka yote.

Nilisimama pale na funguo zangu shingoni. Wiki mbili na nusu. Mara tatu kwa siku. Kwa mkono wangu mwenyewe, na udi nimeununua kwa pesa yangu!

Nimerudi chumbani nimetoa begi. Ni lile lile nililokuja nalo, zipu imekufa. Nimelia. Naliandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Sikulilia kazi. Nilimlilia Hilwa, atakavyokaa kimya siku nitakayompigia. Akigomba najua kumjibu.

Kisha nikafuta machozi, maana swali moja lilinijia. Udi ni wa nani? Nani alisema hapa, chini ya kisanduku?

Kikulacho ki nguoni mwako!

Jumamosi, 6 Septemba

Kikao kimefanyika chumbani kwangu, kwa kuwa ndipo penye baridi. Bi Khairiya kwenye kiti, Raed kasimama, mimi kitandani na begi langu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya mashtaka dhidi ya Bi Masuda, vipengele saba. Nilifika cha pili, mlango ukafunguliwa, kaingia mshtakiwa mwenyewe, na Sumeiya nyuma yake.

Hakungoja kuulizwa. Kasema ndiyo, ni yeye aliyenionyesha pa kuweka chetezo, na alijua anachofanya. Kasema Sumeiya alikuwa hajalala wiki nzima, siku moja kazini mikono ikamtetemeka na sindano mkononi, akalia mbele ya mgonjwa. Kasema alitaka mashine iwake siku moja mbili tu, mtoto apate usingizi. "Nikasema huyu mtu mzima, kesho atagundua. Kesho ikapita. Nikasema keshokutwa. Wallahi, dada Khairiya, kila nikimpelekea makaa naomba Mungu agundue. Ananishukuru!"

Bi Khairiya alijifunika mdomo kwa ncha ya shali.

Sumeiya alinitazama. Nilitaka kumwambia kwamba sikujua habari ya sindano, lakini nikaona si mahali pake, tulikuwa kwenye kipengele cha pili.

Raed akasema basi, khalas, mtu huyu arudi kwao na jengo lichukuliwe na kampuni. Ndipo Bi Masuda akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaniombea. Kasema wapangaji wameshazungumza: wao watamlipa Elias asafishe kila kitu, nyongeza ya bili ya mwezi huu watachangiana fleti zote tisa, na kidude hakitashuka chini ya ishirini na nne, yeye mwenyewe atasimamia. Kwa sharti visanduku vitolewe, na mimi nisirudishwe. Bi Khairiya akamuuliza kwa nini ananitetea. "Ana watu nyuma yake wanamtegemea," Bi Masuda akasema. "Na mjinga asiyeiba, dada, katika mji huu utamtafuta mpaka lini?"

Raed kafungua mdomo. Bi Khairiya kainua bakora, Raed kaufunga.

Hukumu: jengo haliendi kwa Raed. Funguo zote apewe Bi Masuda, naye ndiye mwangalizi kuanzia leo. Mimi nabaki na viza yangu na chumba changu, nafanya atakaloniambia. Na ile AC ya dirishani itoke leo leo.

Elias kaing'oa kabla ya Magharibi. Kwenye dirisha pamebaki tundu la mraba. Bi Masuda kaliziba kwa kadibodi na gundi, kisha kaniletea sambusa nne. Nilikula zote, nikiwa nimekasirika.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimetulia, nimeyapima mambo kwa akili, na naona yamekwenda vizuri mno.

Kwanza, nimepandishwa cheo. Zamani nilikuwa nafanya kazi zote peke yangu. Sasa kuna mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka ishirini anayebeba majukumu, na mimi nimebaki na fikra. Nimemwambia Hilwa kwamba nimemweka mama mmoja asimamie shughuli za kila siku. Kafurahi. Mama mkwe hakusema kitu, na kwake kunyamaza ni pongezi.

Pili, Bi Masuda ananiogopa. Mtu hakuombei msamaha mbele ya tajiri ila anajua thamani yako, au anajua utakachofanya ukiwa nje.

Tatu, Elias kamaliza kusafisha, na paa limekuwa kimya. Mashine zinawaka, zinazima. Korido ziko ishirini na nne na hakuna anayelalamika. Raed anatazama mita kwa kishikwambi chake na inasemekana imeanza kushuka. Wote wanasema ni machujio. Mimi sibishani. Mbegu haioti siku unayoipanda, na visanduku vyangu vilikaa ukutani mwezi mzima.

Linabaki jambo moja tu. Wapangaji wanalalamika kwamba maji ya bomba yanatoka ya moto, kwa sababu tangi liko paani juani kutwa. Sumeiya anashindwa kuoga akitoka kazini. Bi Masuda anataka kumwuliza Elias bei ya kulifunika tangi. Pesa tena! Wakati mtu yupo hapa, anafikiri bure. Nikimpozea Sumeiya maji, ile habari ya sindano ataisahau, Bi Khairiya atasikia, na mwangalizi wa jengo hili atajulikana ni nani.

Bi Masuda kaniapisha jana, mbele ya Talal na wenzake, kwamba sitagusa tena kitu chochote chenye waya katika jengo hili, na nikigusa atampigia Bi Khairiya mwenyewe anifutie viza. Nimeapa kwa moyo mkunjufu. Tangi la maji halina waya.

Nimeagiza barafu, kilo mia tatu. Inafika kesho saa kumi na moja alfajiri, kwa bei ya kutupa, kutoka soko la samaki.